Mzaha na usaha: Futuhi inavyobeba msiba bila kuangusha kicheko

WAHENGA walituachia onyo kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wengi wetu hulitumia onyo hilo kuwakanya watoto wanaochezeana vibaya. Lakini ukilitazama kwa jicho la uhakiki, utagundua kwamba limebeba wazo zito kuhusu futuhi: kicheko na jeraha hukaa chumba kimoja, na anayechekesha asipoangalia atajikuta ameshika kitu kinachovuja.

Makala ya leo yanajikita katika swali linalowasumbua waandishi wa tamthilia, waelekezi na hata walimu wanaotayarisha michezo ya tamasha za shule. Mwandishi wa futuhi anapotia ndani ya kazi yake kifo, usaliti, fedheha au ubaguzi, afanye nini ili mchezo ubakie kuwa futuhi, na papo hapo msiba ule usigeuke kuwa jambo la kitoto?

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. Tanzia ni tamthilia ya huzuni, ambamo mhusika mkuu huporomoka na aghalabu huangamia. Futuhi ni tamthilia ya kufurahisha, ambayo migogoro yake hutatuliwa na mwisho wake huwa wa heri: ndoa, karamu au mapatano. Ramsa hulenga kicheko cha papo hapo kinachozaliwa na vituko. Kisha ipo tanzia-ramsa, yaani mchanganyiko wa huzuni na furaha. Tatizo ni kwamba istilahi hii ya mwisho imegeuzwa kapu la kutupia kila kitu. Mwanafunzi akikutana na mchezo uliomchekesha mwanzoni na kumliza katikati, basi, huandika "tanzia-ramsa" na kufunga daftari. Hajaeleza chochote. Kwamba vyote viwili vimo, hilo kila mtu ameliona. Linalohitaji kuelezwa ni jinsi vinavyokaa pamoja.

Jibu lililozoeleka ni la mizani ya sokoni: weka huzuni upande huu, weka kichekesho upande ule, mpaka mkono wa mizani utulie. Ndiyo maana utaona michezo ambayo kila baada ya tukio la kilio huletwa mlevi au bawabu wa kuchekesha, eti kupoza mioyo. Hadhira hucheka, naam, lakini mara nyingi hucheka kama mtu aliyetekenywa. Mwandishi hajasawazisha kitu. Amepanga vitu viwili kwa zamu tu.

Hoja yangu ni tofauti. Katika futuhi, msiba hausawazishwi kwa wingi wa kicheko kinachouzunguka. Husawazishwa kwa dawa. Kila jeraha linalofunguliwa mbele ya hadhira linahitaji dawa yake, na hadhira inafaa iinuse dawa hiyo mapema, hata kabla wahusika hawajajua kuwa ipo. Jeraha likiwa na dawa, mwandishi anaweza kulichimba atakavyo na futuhi isivunjike. Likikosa dawa, hata ukimwaga vichekesho gunia zima, hadhira italibeba hadi nyumbani.

Hebu tuipime hoja hii kwa futuhi mbili za William Shakespeare zilizochapishwa mwaka mmoja, 1600. Moja imefaulu kuufunga msiba wake. Nyingine imeshindwa, na kushindwa kwake ndiko kulikoifanya ibishaniwe hadi leo.

Ya kwanza ni "Much Ado About Nothing", jina ambalo kwa Kiswahili tungelifafanua kuwa ni makelele mengi kwa jambo lisilokuwapo. Kijana Claudio anatarajia kumwoa Hero, binti ya Leonato, gavana wa Messina. Maadui wanamghilibu aamini kwamba bibi harusi wake alikuwa na mwanamume mwingine dirishani usiku wa kuamkia harusi. Claudio anangoja hadi siku yenyewe, mbele ya padri na wageni, ndipo anamkataa Hero na kumvua nguo kwa maneno. Msichana anazirai. Baba yake mzazi, badala ya kumtetea, anatamani afe. Ukiliondoa tukio hili katika mchezo na kulisoma peke yake, ni tanzia tupu. Hakuna cha kuchekesha pale.

Sasa tazama ufundi wa mwandishi. Kabla ya harusi hiyo, walinzi wa usiku wa mji, kundi la wajinga wasiojua hata maana ya kazi yao, wamekwisha kumsikia mmoja wa wahalifu akijigamba, na wamemtia mbaroni. Hadhira imeshuhudia hayo. Asubuhi ya harusi, mkuu wao Dogberry anakwenda kwa Leonato kutoa habari, lakini ni mtu wa maneno marefu, mpenda misamiati mikubwa anayoikosea kila mara. Leonato ana haraka. Anachoshwa, anawaambia wamhoji mshukiwa wenyewe, kisha anaondoka kwenda kanisani.

Hapo hadhira inacheka, na papo hapo inaumwa. Inajua kwamba ukweli uko kinywani mwa mpumbavu huyu, na kwamba angenyamaza kidogo tu, Hero angeokoka. Hapa kichekesho hakikuja kupoza msiba. Upuuzi wa Dogberry ndio unaouchelewesha ukweli, na upuuzi huohuo ndio utakaouleta hatimaye. Dawa na jeraha vimefungwa katika karatasi moja. Kwa sababu hiyo, Hero anapozirai hatukati tamaa. Tunaumia tukijua kwamba dawa iko njiani, imekawia tu.

Kuna jambo jingine katika tukio hilohilo la kanisani. Baada ya watu kutawanyika, Beatrice na Benedick, mahasimu wa maneno ambao wametuchekesha tangu mwanzo, wanabaki peke yao na kukiri kwamba wanapendana. Benedick, kwa furaha, anamwambia Beatrice amtake afanye lolote. Beatrice anamjibu kwa amri fupi: amuue Claudio. Waigizaji wanajua kwamba katika sentensi hiyo hadhira nyingi hucheka, kisha hunyamaza ghafla. Beatrice hafanyi mzaha hata kidogo. Kicheko kinatoka kwa mazoea, kisha kinakutana na uzito wa jambo lenyewe kikiwa bado kooni. Mwelekezi anayeogopa kicheko hicho, akamwagiza mwigizaji aseme kwa kulia ili watu wasicheke, ameharibu. Anayemwagiza aseme kwa kubinua midomo ili wacheke zaidi, ameharibu pia. Sentensi hiyo hutendewa haki inaposemwa kwa dhati tu, na hadhira ikaachiwa iamue yenyewe icheke au isicheke.

Tamthilia ya pili inatuhusu kwa karibu, maana iko katika Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri "The Merchant of Venice" kwa jina "Mabepari wa Venisi", ikachapishwa na Oxford University Press mwaka 1969. Anayeijua itamjia akilini mara moja ile nyama ya mwili wa Antonio. Wachache hukumbuka kwamba mkataba ule wa kutisha ulianza kama mzaha. Shylock, mkopeshaji Myahudi ambaye Antonio amemtemea mate hadharani na kuahidi kumtemea tena, anasema hataki riba juu ya zile dukati 3,000. Kwa utani tu, anasema, tuandike kwamba usipolipa kwa wakati nitakata ratili moja ya nyama mwilini mwako. Antonio anaona ni jambo la kuchekesha, anatia sahihi. Mzaha mzaha.

Katika mchezo huu Shakespeare anafungua majeraha mawili, si moja. La kwanza ni la Antonio: merikebu zake zinasemekana kuzama, muda wa deni unapita, kisu kinanolewa mahakamani. Jeraha hili lina dawa, na tumeinusa mapema. Kabla ya kesi tumemwona Portia akipanga na mtumishi wake Nerissa kuvaa mavazi ya kiume na kwenda Venisi. Ndiyo maana katikati ya kesi, kisu kikiwa nje, mwandishi anathubutu kuchekesha. Bassanio anaapa kwamba angemtoa hata mkewe sadaka ili rafiki yake apone, naye Gratiano anasema vivyo hivyo juu ya wake. Wake hao wamesimama palepale katika nguo za kiume, wakinong'ona kwamba bibi angeyasikia hayo asingefurahi. Hadhira inacheka kwa sababu inajua Antonio hatakufa.

Lakini msikilize Shylock katika nukta hiyohiyo. Anawasikia wanaume wale wakiwatoa wake zao bure, na anamkumbuka binti yake Jessica, aliyetoroka na kijana wa aina yao. Utani ambao kwetu ni burudani unapita moja kwa moja kwenye kidonda chake. Hilo ndilo jeraha la pili, na dawa yake haimo popote katika mchezo.

Tazama jinsi jeraha hilo lilivyotayarishwa. Jessica anapotoroka na mali, hatumwoni Shylock akigundua nyumba tupu. Tunasimuliwa na vijana wawili wanaomwiga kwa dhihaka, namna alivyokimbia mitaani akililia binti na dukati zake, huku watoto wa mji wakimfuata nyuma wakimzomea. Ni mbinu ya ramsa: kilio cha mtu kinaletwa kwetu kupitia kinywa cha wanaomcheka. Baadaye Shylock anatokea na Tubal, na mazungumzo yao yamejengwa kama bembea. Habari mbaya, Jessica ametumia dukati 80 kwa usiku mmoja. Habari njema, merikebu ya Antonio imezama. Huzuni, furaha, huzuni, furaha. Kwa mpangilio huo tu hadhira huanza kucheka. Kisha Tubal anataja pete iliyobadilishwa kwa tumbili. Shylock anaitambua: ni pete aliyopewa na Leah kabla hajaoa. Hapo bembea inakatika kamba. Mtu tuliyekuwa tukimcheka kwa sababu ya pesa anatuonyesha pete ambayo kwake haikuwa pesa.

Mahakamani hukumu inapogeuka, Shylock ananyang'anywa haki juu ya mali yake na kulazimishwa kubadili dini. Anasema hajisikii vizuri, anaomba aende, na anaondoka. Haonekani tena. Na huyu ni mhusika anayetokea katika matukio matano tu kati ya 20 ya mchezo mzima! Tendo la tano linatupeleka Belmont, kwenye mbalamwezi, muziki na ugomvi wa mapenzi kuhusu pete. Ndoa zinakamilika, merikebu za Antonio zinapatikana. Kwa kanuni za futuhi, kila kitu kiko mahali pake. Ila tu hadhira haijaacha kumfikiria mtu aliyetoka mlangoni akiwa mgonjwa.

Historia ya jukwaa ni ushahidi wa jinsi jeraha hilo lilivyokataa kufungwa. Mwaka 1701, katika toleo lililoandikwa upya na George Granville, Shylock aliigizwa kama kichekesho na Thomas Doggett. Mwaka 1741 Charles Macklin alimfanya kuwa mtu wa kuogofya. Mwaka 1814 Edmund Kean alimpa utu na heshima, na London ikashtuka. Henry Irving, mwaka 1879, aliongeza tukio ambalo Shakespeare hakuliandika: Shylock anarudi nyumbani usiku na kubisha mlango wa nyumba ambayo sisi tunajua binti hayumo tena. Kuna nyakati ambapo Irving alilikata tendo la tano lote, mchezo ukaishia Shylock anapotoka mahakamani. Kwa hilo aliigeuza futuhi kuwa tanzia.

Upande wa pili wa historia hiyo unatisha. Mwaka 1943, mjini Vienna chini ya Wanazi, Werner Krauss alimwigiza Shylock kama kiumbe cha kuchukiza na kuchekwa, wakati ambapo Wayahudi wa mji huo walikuwa wamekwisha kusombwa na kupelekwa kuuawa. Mkuki kwa nguruwe, wasema wahenga, mtamu. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuigiza msiba ndani ya futuhi si la mapambo. Kicheko kinaweza kufundisha umati kwamba maumivu ya fulani hayahesabiki.

Je, Irving alikuwa sahihi basi? Sidhani. Kuondoa Belmont ni kuukimbia mtihani. Mchezo unauma zaidi furaha ile ikiwapo, na ikiwa furaha ya kweli. Jonathan Miller alilielewa hili alipoielekeza tamthilia hiyo jijini London mwaka 1970, Laurence Olivier akiwa Shylock. Aliiacha Belmont, lakini mwishoni akambakiza Jessica peke yake, huku ikisikika sala ya Kiyahudi ya kuwaombea wafu. Wala hakubuni huzuni hiyo kutoka hewani. Katika matini yenyewe, neno la mwisho la Jessica ni kwamba muziki mtamu haumpi uchangamfu. Baadaye anasomewa habari kwamba atarithi mali ya baba yake, na hasemi kitu. Mwandishi aliacha upenyo huo wazi. Mwelekezi anahitaji tu kutouziba.

Na Mwalimu Nyerere je? Kichwa cha Kiingereza kinataja mfanyabiashara mmoja. Cha Kiswahili kina wingi: mabepari. Neno bepari lilitujia kutoka India likiwa na maana ya mchuuzi, lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani alilisikia hivyo tu? Kwa wingi huo mdogo, tafsiri inamtoa Shylock katika upweke wake. Hasimami tena yeye peke yake kama mlafi mbele ya waungwana. Antonio, Bassanio anayewinda mke tajiri, na Lorenzo anayetoroka na binti pamoja na sanduku la fedha, wote wanaingia ndani ya neno moja. Kicheko kinagawanywa. Anayemcheka Shylock kwa ulafi hana budi kuwatupia macho na wale wengine.

Kugawa kicheko si jambo geni kwetu. Katika jamii nyingi za Tanzania, watani hufika msibani na kufanya mzaha ambao mgeni angeuona kuwa ni ufedhuli. Humwiga marehemu, hudai malipo, huzuia shughuli hadi wapewe chochote. Lakini watani haohao kidesturi huwa na kazi katika maziko. Anayecheka ndiye anayeshika jembe. Kicheko chake kimelipiwa, ndiyo maana wafiwa hawaoni kwamba wametukanwa. Sasa mlinganishe na Gratiano mahakamani, anayemrushia Shylock maneno ya kejeli huku mtu huyo akivunjika. Gratiano habebi kitu. Ni mtani asiye na jembe.

Hapa nyumbani, hadhira yetu imelelewa na "Vioja Mahakamani", ambamo kizimba ni mahali pa kuvunja mbavu. Ni burudani halali, kwa kuwa mashtaka huwa madogo na kesho yake mshtakiwa amerudi na kioja kingine. Hatari huja mbinu hizo zinapohamishiwa jukwaani bila kupima uzito wa kesi. Chukua mfano wa baba mlevi, mhusika tunayemkuta katika michezo mingi ya shule. Anayumbayumba, anaanguka, anaimba, ukumbi unalipuka kwa kicheko. Kisha tunaambiwa kwamba karo ya mtoto imeishia kwenye chupa. Mwandishi anatarajia tulie, kumbe bado tunafuta machozi ya kicheko. Kisha mlevi anaanguka tena.

Kosa hapo si kwamba mlevi anachekesha. Acha achekeshe! Kosa ni kwamba mtoto hana chochote mkononi. Mpe jambo. Labda ndiye anayejua pesa zilikofichwa, labda ndiye anayemwiga baba yake kwa wenzake, akawachekesha hadi anapogundua kwamba na yeye anacheka. Papo hapo kicheko na msiba vitakuwa na mwenyewe mmoja, na hatutahitaji kuambiwa lini tucheke na lini tunyamaze.

Mwandishi chipukizi anayetunga futuhi yenye machungu ndani yake asihesabu kurasa za vicheko na kurasa za machozi. Aorodheshe majeraha yote aliyoyafungua, kisha mbele ya kila moja aandike dawa yake na ukurasa ambapo hadhira inainusa kwa mara ya kwanza. Akikuta jeraha lisilo na dawa, si lazima alifute. Shakespeare hakulifuta, na miaka zaidi ya 400 baadaye bado tunabishana kwa sababu yake. Lakini ajue kwamba liko, na asilifunike kwa mlevi mwingine.